Sleyum bin Suud na Ndege ya Maziwa

Sleyum bin Suud, seremala wa Matrah, hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililochelewesha ndoa yake. Angekuwa mwongo japo kidogo, wa kiasi cha kawaida, mambo yangemnyookea ndani ya wiki moja.

Alifika Maskati mwaka 1964 akitokea Unguja, kama walivyofika wengine mwaka ule, na mzigo wake wote ulikuwa sanduku la zana: randa, misumeno, patasi zilizozongwa kitambaa chenye mafuta, na juu yake kanzu mbili. Mkewe alikuwa ameshafariki Unguja zamani, na hawakujaaliwa watoto. Alipanga nyuma ya soko la Matrah, mji wa bandari ubavuni mwa Maskati, chini akafanya karakana, juu akalala. Mlango wa karakana ulitazamana na kibanda cha kahawa cha Bakhit, kwa hiyo hakuchukua muda kujulikana.

Kwa Bakhit walikaa watu waliotoka Unguja, kama mwenyewe Bakhit, na mazungumzo yao yalikuwa ya vitu vilivyobaki kule. Aliyekuwa na nyumba ya vyumba viwili alisema ameacha ghorofa. Aliyekuwa na ghorofa aliacha mtaa mzima. Mashamba ya mikarafuu ndiyo yaliyostawi kuliko vyote. Kwa hesabu za baraza lile, Unguja ingehitaji kisiwa cha pili cha kupandia. Hakuna aliyemtaka mwenzake ushahidi. Ilikuwa adabu, na ilikuwa tahadhari pia, maana anayeuliza naye ataulizwa.

Zamu ya Sleyum ilipofika, alisema yeye hakuacha shamba. Aliacha nyumba ndogo ya Mkunazini, kabati lake la mninga, na picha yake mwenyewe akiwa amesimama chini ya bawa la ndege aliyoitengeneza Amerika wakati wa vita.

Bakhit alikuwa akimimina kahawa. Dele lilisimama hewani.

"Ndege?"

"Ndege. Si peke yangu. Mimi nilikuwa upande wa mbavu za mabawa."

"Injini yake ya namna gani?"

"Haikuwa na injini."

Watu walitazama vikombe vyao. Baraza lililosadiki mikarafuu yote ile lilijikuta limefika mpaka wake.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Vita vilipopamba moto, Sleyum alikuwa kijana, seremala wa meli ya mizigo. Akaugua, meli ikamwacha hospitali ya New York, na alipopata nafuu, baharia mmoja wa Kiyemeni akamchukua mpaka Michigan, ambako jamaa zake walikuwa wakifanya kazi kwenye viwanda vya magari. Huko Sleyum akapata kazi katika kiwanda cha makabati, ila makabati yalikuwa yameshaachwa. Jeshi la Marekani lilitaka ndege za kushusha askari na magari nyuma ya adui bila kelele, nazo kampuni za ndege zilikuwa zimezidiwa na kazi. Basi kazi ikagawiwa kwa wanaojua mbao: mafundi wa meza, wa piano, wa masanduku, na hata wa majeneza.

"Wa majeneza?" aliuliza Bakhit.

"Ndiyo."

"Ndege haina injini, na fundi wake ni mtu wa majeneza. Hapo, yakhe, mimi sina ubishi. Nnasadiki kila kitu."

Sleyum alingoja kicheko kipite, akaendelea, maana alikuwa na kasoro ya watu wa kweli: akidhani kwamba maelezo zaidi yatasaidia. Akaeleza kwamba waliziita glaida, na kwamba zilivutwa kwa kamba na ndege yenye injini, kisha rubani akaiachia kamba, zikateremka zenyewe. Akaeleza kwamba pua nzima ilifunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku, gari la jeshi likatoka. Haya yote wangeweza kuyameza pamoja na halwa. Lakini mtu mmoja akauliza mbao zilishikana kwa kitu gani.

"Kwa gundi," alisema Sleyum. "Gundi ya maziwa."

Kuanzia siku hiyo jina lake Matrah lilikuwa Rubani. Kila ndege ndogo ilipopita juu ya milima kwenda kutua Bait al-Falaj, Bakhit alitoka nje na kumwita: "Rubani! Hii nayo ya maziwa, au hii ya mafuta?" Sleyum alijibu kwa kupunga randa. Utani haukumuudhi. Haukuwa umemgharimu kitu, bado.

Mwaka 1968 aliitwa kutengeneza madirisha katika nyumba ya Marhoon, karani wa wakala wa meli, naye pia mtu wa kutoka Unguja. Marhoon alikaa na dada yake, Kheiria, mjane aliyeshona nguo za wanawake, na shangazi yao, Bi Nasriya, ambaye ndiye hasa aliyekuwa na nyumba, ingawa kodi alilipa Marhoon. Kheiria alisimama nyuma ya pazia akatoa maagizo ya madirisha. Yalipokwisha maagizo, hakuondoka.

"Wewe ndiye Rubani?"

"Ndivyo wanavyoniita."

"Kamba ikishaachiwa, waliomo ndani wanafanya nini?"

Sleyum akaweka patasi chini. Kwa miaka minne watu walikuwa wamemuuliza habari za injini. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za watu.

"Nadhani wanasali. Kila mtu kwa dini yake."

"Na nyinyi mliozitengeneza?"

"Sisi tulihakikisha gundi imekauka."

Pazia likacheka. Madirisha yale yalikuwa manne na kazi yake ni ya siku mbili, lakini mbao zikaonekana kuwa na matatizo yaliyohitaji juma zima. Juma lilipokwisha, Sleyum akapeleka posa.

Kwa desturi, posa ikishafika, watu wa mwanamke huuliza. Marhoon aliuliza msikitini, akaambiwa mtu wa swafu ya mbele. Aliuliza majirani, akaambiwa hana kelele isipokuwa ya msumeno. Mwisho alifika kwa Bakhit.

"Mtu mwema sana," alisema Bakhit. "Hana deni, hana ugomvi, hana tamaa. Ila ndege."

Marhoon hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepiga chapa nyaraka kutwa, na aliamini kwamba jambo lisilo na chapa halijatokea. Alimwita Sleyum, akamkalisha, akampa kahawa na tende, akamwambia kwa upole:

"Sheikh Sleyum, mimi kazi yangu ni vyombo vya safari. Chombo kisicho na injini wala tanga, kwetu sisi, kinaitwa mzigo."

"Hii ilikuwa na mabawa."

"Nnakuomba kitu kimoja tu. Sema ulikuwa ukitutania. Sisi sote tunatania. Ukisema hivyo, leo hii tunasoma Fatiha, na Kheiria ni wako. Lakini mtu atakayeshika kisa kama hicho miaka minne, kesho atamwambia dada yangu kitu gani?"

Sleyum aliangalia pazia. Lilikuwa limetulia mno kuwa pazia la kawaida. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na nyuma ya neno lile alikuwako Kheiria. Alilifikisha mpaka mdomoni.

"Nikidanganya ili nioe," alisema, "basi kweli mtakuwa mmemuoza mwongo."

Marhoon akaweka kikombe chini. Kwa upande wake mambo yalikuwa yamekwisha, na yangekwisha kweli kama Bi Nasriya hangejigeuza mahali alipokaa. Kujigeuza kwa Bi Nasriya hakukuwa jambo dogo. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye magoti mabovu, na viti vya nyumba ile vilimwogopa.

"Ati maziwa yanagandisha ndege?"

"Yalishikisha, Bibi. Maziwa na chokaa."

"Basi nnataka kiti. Kwa maziwa hayohayo. Nikikikalia kisivunjike, ndege iliruka. Kikivunjika, posa yako ichukue urudi nayo."

"Shangazi," alisema Marhoon, "kiti hakithibitishi ndege."

"Ndege ilibeba gari, na mimi n'na uzito wa gari. Usinitoe makosa."

Marhoon, aliyekuwa akiwajua mafundi, akaweka sharti la ziada: pasiwe na msumari, wala ulimi wa kuingia kwenye tundu. Mbao iguse mbao, na baina yao maziwa tu. Sleyum alijaribu kueleza kwamba hata Amerika walitumia vimisumari vidogo vya kushikilia mpaka gundi ikauke.

"Misumari ni yako," alisema Bi Nasriya. "Mimi nimeahidiwa maziwa."

Maziwa yenyewe, kwa heshima ya nyumba, yalitoka kwao; mgeni hawezi kutakiwa jambo kisha akanunue vifaa. Asubuhi yake sufuria likafika karakana limefunikwa kawa: maziwa mazito, ya manjano kidogo, ya ng'ombe aliyelishwa tende na dagaa wakavu kama walivyolishwa ng'ombe wote wa pwani ile, na harufu ya vyakula vyote viwili ilikuwa imo.

Hapa inafaa kusemwa jambo ambalo Sleyum hakulisema barazani kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Gundi ile hakuwahi kuitengeneza tangu mwanzo. Kule Michigan ilifika kiwandani ikiwa unga ndani ya mapipa, na bibi mmoja wa Kipolandi aliikoroga kwa maji, hamruhusu mtu kugusa mwiko wake. Ni yeye aliyemwambia Sleyum kwamba unga ule ni maziwa yaliyokatwa, yakakaushwa, yakatiwa chokaa. Zaidi ya hapo Sleyum alijua kupaka.

Alikata maziwa kwa ndimu, akachuja kwa kitambaa, akachanganya na chokaa. Alipasua masanduku ya chai, ambayo mbao zake nyembamba zimebandikwa tabaka juu ya tabaka, akakata vipande vya pembetatu vya kukazia kila kona, kama alivyofanya kwenye mbavu za mabawa. Akapaka, akafunga kamba, akaisokota kwa vijiti mpaka ikalia, akaacha. Kiti kilipofunguliwa kilikuwa kizuri. Kilinuka samaki, lakini kilikuwa kizuri.

Ijumaa baada ya sala kilipelekwa. Bakhit alifunga kibanda, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mazishi ya ndugu yake wa kambo, akaja na watu wanne waliodai wanasaidia kubeba. Wote wakabaki ukumbini karibu na mlango. Bi Nasriya akakizunguka kiti, akakinusa, akasema Bismillahi, akakaa.

Kwa muda wa kuvuta pumzi, ndege iliruka.

Kisha mguu wa nyuma ukateleza, ukafuatwa na wa mbele. Vile vipande vya pembetatu vikaanguka kimoja kimoja, bila haraka, kama watu wanaotoka msikitini, na Bi Nasriya akashuka mpaka chini juu ya mto ambao Kheiria, kwa busara, alikuwa ameuweka mapema.

Akakaa pale akatazama dari.

"Haya," alisema. "Ndege imetua."

Bakhit alitoka nje ili acheke kwa heshima. Alisikika mpaka sokoni.

Siku mbili Sleyum hakufungua mlango wa mbele. Alikaa na vipande vya kiti mapajani, akavipitishia kidole. Mbao hazikuvunjika. Gundi tu ndiyo iliyoachia, nayo ilikuwa laini na ya utelezi, kana kwamba mtu ameipaka samli. Alianza kufikiri jambo baya zaidi ya kuchekwa: kwamba pengine wao ndio wenye haki. Miaka ishirini na zaidi imepita, picha imebaki Mkunazini katika nyumba ya mtu asiyemjua, na bibi wa Kipolandi huenda alikuwa akimtania. Labda na yeye, kama wenzake, alikuwa ameacha Unguja kitu ambacho hakikuwahi kuwapo.

Sufuria la watu, hata hivyo, lilipaswa kurudi, na chombo hakirudi kitupu. Alilisugua, akalijaza ndimu, akaenda saa za asubuhi ambazo Marhoon yuko kazini. Bi Nasriya alikuwa ukumbini, juu ya mto.

"Nimekuja kurudisha sufuria, Bibi. Na kuichukua posa yangu, kama tulivyoahidiana."

Bi Nasriya hakuwahi kujibu. Pazia lilitangulia.

"Ilikuwaje hiyo gundi?" aliuliza Kheiria.

"Laini."

"Laini vipi? Kama uji, au kama mafuta?"

"Kama mafuta. Haikushika kitu. Ilikuwa ikiteleza."

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mtu aliyejipiga kofi kwenye paji la uso.

"Masikini mimi! Ni yale malai, yale mafuta ya juu ya maziwa. Shangazi, si ulinambia niyaengue maziwa utengeneze samli, nikakataa?"

"Ulikataa," alisema Bi Nasriya. "Ulinambia mgeni aliyeposa hapelekewi maziwa yaliyoenguliwa, tutaonekana watu wa namna gani. Ukachagua ya ng'ombe mnono khasa."

"Hata chokaa ya ukuta ukiitia mafuta haishiki," alisema Kheiria. "Heshima yangu ndiyo iliyokuangusha chini, Shangazi."

"Mimi nilishuka vizuri. Aliyeanguka ni huyu."

Sleyum alisimama na sufuria la ndimu mikononi. Alikumbuka sasa kwamba unga wa mapipani ulikuwa mweupe mkavu kama unga wa muhogo, usioacha doa kwenye karatasi. Alifungua mdomo kulieleza hilo kwa kirefu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaacha.

"Posa iache hapohapo ilipo," alisema Kheiria. "Kesho yatakuja mengine. Usiitazame rangi yake."

Kesho yake sufuria lilipita sokoni mchana kweupe, na kawa lilikuwa limeteleza. Bakhit alichungulia. Ndani mlikuwa na maziwa mepesi, yenye rangi ya kibuluu, maziwa ambayo kwa watu wa Matrah, na wa pwani ya kwetu pia, mtu humpa ndama, au mkwe asiyemtaka. Akavuka njia, uso umembadilika.

"Yakhe," alisema, na safari hii hakumwita Rubani. "Usiyapokee. Wamekuletea yaliyoenguliwa. Wameshakataa, na wamekataa kwa matusi. Wallahi sikujua kwamba utani wetu utafika huku."

"Weka hapo, juu ya meza."

"Hukunifahamu. Hili ni jibu!"

"Nimelifahamu," alisema Sleyum, akaanza kukamua ndimu. Bakhit alisimulia baadaye kwamba fundi alikuwa akiimba, na kwamba yeye aliondoka pale akiwa na hakika kwamba mtu wa watu ameshapata wazimu.

Kwa kutwa nzima habari ya maziwa ilizunguka Matrah, ikamfikia Marhoon ofisini kwake. Alirudi nyumbani kabla ya wakati, akauliza nani amewatia aibu ile. Kheiria akasema ni yeye. Akauliza kwa nini. Kheiria akasema kwa sababu anataka kuolewa. Marhoon, ambaye hakuwa na chapa ya jambo kama hilo, alikaa kitako.

Ijumaa ya pili kiti kilirudi, na nyuma yake Bakhit na wale wanne. Bi Nasriya hakukizunguka. Alikijia moja kwa moja, kama anayekwenda kudai haki yake, akakaa kwa uzito wote aliopewa na Mwenyezi Mungu. Kiti kililia mara moja, kikanyamaza. Akajisukuma mbele, akajisukuma nyuma. Akaagiza kahawa. Akanywa vikombe vitatu, akala halwa, akamweleza Bakhit habari za magoti yake tangu yalipoanza, na kiti kikasikiliza zote.

"Marhoon," alisema mwisho. "Soma Fatiha."

Marhoon alikuwa amepiga magoti akichungulia chini ya kiti, akitafuta msumari. Alisimama, akakung'uta kanzu.

"Kiti nimekisadiki. Posa sina neno. Lakini watu wasikie kwamba ndege bado sijaisadiki. Mtu wa maana haingizi kwenye ukoo kitu asichokiona kwa macho."

Sleyum alitikisa kichwa polepole. Alikuwa akipewa alichokitaka, na papo hapo akiitwa mwongo mbele ya baraza zima. Hakujua ashike lipi. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya upole sana.

"Kaka. Shamba letu la Mangapwani lilikuwa na mikarafuu mingapi?"

Watu wote wa kwa Bakhit waliijua idadi, maana Marhoon alikuwa ameitaja mara nyingi, na kila mara imeota zaidi. Mara ya mwisho ilikuwa imefika elfu mbili.

"Kheiria," alisema Marhoon.

"Nnauliza tu. Shangazi anakumbuka."

"Kumi na saba," alisema Bi Nasriya kutoka kitini. "Na miwili ilikuwa haizai."

Alianza kucheka yeye, na alipocheka Bi Nasriya kila kitu chini yake kilicheka naye, kona zote nne. Bakhit akaangalia viatu vyake. Alikuwa na ghorofa lake la kufikiria. Wale wanne walioacha mitaa wakaangalia mlango. Na kiti kikashika.

Marhoon alimwendea seremala. Kisha akamshika mkono, akamkalisha karibu naye.

"Ndege iliruka," alisema. "Al-Fatiha."

Walioana mwezi uleule. Jina la Rubani halikuondoka, ila Bakhit alilitamka sasa kama cheo. Kiti Bi Nasriya alikataa kukitoa. Gundi ya maziwa haipendi unyevunyevu, na joto la Maskati lina unyevu kuliko joto lolote alilolijua Sleyum, kwa hiyo kila kiangazi kilipokwisha kona zililegea na kiti kilirudi karakana. Kheiria alijua la kufanya. Majirani wa zamani walizoea. Lakini mwaka 1970, milango ya nchi ilipofunguka na watu wapya wakaanza kuwasili kutoka pwani ya kwetu, mama mmoja aliyehamia nyumba ya jirani alimwona Kheiria akivuka njia na sufuria la maziwa ya kibuluu kumpelekea mumewe, akarudi ndani akasikitika: watu wazima wale, alisema, na wanavyoonekana kupendana, kumbe mambo yameshafika huko.